Kuchagua Pikipiki ya Kwanza ya Bei Nafuu kwa Anayejifunza: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Tabora

Pikipiki ya kwanza mara nyingi huchaguliwa kwa maneno ya watu wawili: rafiki ambaye tayari anayo yake, na muuzaji ambaye anataka kuiondoa ya kwake. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli kabisa, lakini hakuna kati yao anayejua urefu wa miguu yako, mchanga wa njia utakayopita kila asubuhi, wala kiasi utakachobaki nacho mfukoni baada ya kulipa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu wa Mkoa wa Tabora anayejifunza kuendesha na ambaye fedha yake si nyingi: mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali huko Uyui, muuguzi wa zahanati, mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua, au mfanyabiashara mdogo wa mjini aliyechoka kulipa nauli ya bodaboda kila siku. Kwa mtu wa namna hiyo, pikipiki nafuu ni ile ambayo miguu yake yote miwili inafika chini, ambayo fundi wa jirani anaijua, na ambayo karatasi zake ni safi. Ukubwa wa injini, rangi na mwaka wa kutengenezwa vinafuata baada ya hayo matatu.

Hatua ya kwanza: leseni ya kujifunzia kabla ya duka

Watu wengi hununua kwanza, kisha hujifunza kwenye pikipiki yao wenyewe, uwanjani nyuma ya nyumba, wakifundishwa na ndugu. Nashauri mpangilio uwe kinyume. Jiandikishe kwenye chuo cha udereva kilichosajiliwa au VETA, kisha uombe leseni ya muda ya kujifunzia, ambayo hutolewa kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na hudumu kwa miezi mitatu. Utahitaji namba ya mlipakodi, yaani TIN, ambayo hutolewa bure na ambayo utaihitaji tena siku ya kuhamisha umiliki wa pikipiki, hivyo ni vizuri kuimaliza mapema. Ukishafundishwa, utapimwa na askari wa usalama barabarani, na ukifaulu ndipo utakapoomba leseni kamili.

Kuna jambo moja kuhusu madaraja ya leseni ambalo linagusa moja kwa moja uchaguzi wa pikipiki. Daraja A1 ni la pikipiki isiyo na kigari cha pembeni ambayo injini yake iko chini ya cc 125 (cc ni kipimo cha ukubwa wa injini), na daraja A ni la pikipiki zinazozidi hapo. Pikipiki nyingi zinazouzwa kwa jina la cc 125 huwa na cc 124 na ushei, kwa hiyo zinaingia A1, lakini Boxer ya 150 au TVS ya 150 inahitaji daraja A. Ikiwa unafikiri kwamba siku moja utapanda ya 150, sema hivyo kwa mwalimu wako tangu siku ya kujiandikisha, ili usomee na kupimwa kwa daraja linalohusika.

Faida nyingine ya kusoma kwanza ni kwamba wiki chache juu ya pikipiki ya chuo zitakufundisha kuhusu mwili wako mambo ambayo hakuna muuzaji atakayekueleza. Utajua kama uzito wa pikipiki iliyosimama unakusumbua, kama kiganja chako kinachoka kushika klachi, na kama unaweza kuinyanyua ikianguka. Mtu anayeingia sokoni akiwa na majibu hayo hadanganyiki kwa urahisi.

Hatua ya pili: ijue njia yako

Tabora ina mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, kisha kiangazi kirefu. Mjini, ukishaacha lami na kuingia mitaa ya ndani ya Ipuli, Isevya au Kiloleni, utakutana na mchanga ambao kiangazi huwa mwingi na laini, na mchanga ndio unaowaangusha wanaojifunza wakiwa kwenye mwendo mdogo kabisa. Tairi la mbele huzama kidogo, usukani hucheza, mwendeshaji anashtuka na kukamata breki ya mbele, na hapo hapo analala ubavu. Pikipiki nyepesi yenye kiti cha chini humruhusu kushusha miguu yote miwili na kupita taratibu bila aibu. Pikipiki nzito haimpi nafasi hiyo.

Upande wa Igunga na sehemu za Nzega hali ni tofauti. Kule kuna udongo mweusi wa mbuga ambao ukilowa hunata, hujaa kati ya tairi na madigadi, na kuendelea kujikusanya mpaka tairi linagoma kuzunguka. Ikiwa hiyo ndiyo njia yako ya masika, tazama nafasi iliyopo kati ya tairi la mbele na madigadi kabla ya kutazama kitu kingine chochote: vidole viwili vikipenya kwa shida, utakuwa unashuka kuchokonoa tope kwa kijiti kila baada ya hatua chache.

Na wapo wanaotembea zaidi kwenye lami, kwa mfano kutoka Tabora mjini kwenda Urambo, takriban kilomita 90, wakipishana na mabasi na malori. Huko pikipiki ya cc 100 itafika, ila itapumua kwa shida ikiwa na mzigo na upepo wa mbele, na upepo wa lori linalopita kwa kasi huisukuma pembeni. Kwa njia hiyo cc 125 inatosha vizuri, na 150 ina sababu ya kufikiriwa baada ya mtu kuzoea.

Andika kwenye karatasi: nitapita wapi siku tano kati ya saba, nitabeba nini, na fundi wa karibu yuko wapi. Safari ya harusi ya mara moja kwa mwaka isiwe ndiyo inayochagua pikipiki ya kila siku.

Hatua ya tatu: gawa fedha kabla hujatoka nyumbani

Chukua fedha yote uliyo nayo, igawe mafungu matano, na fungu moja uliweke mahali ambapo hutaligusa wakati wa kununua. Fungu hilo ndilo la kofia ngumu, bima, gharama za kuhamisha umiliki, oili na matengenezo ya mwanzo, na tairi ikiwa uliyonunua ina vipara. Anayemaliza fedha yote kwa muuzaji hurudi nyumbani na pikipiki asiyoweza kuipanda kihalali wala kuitengeneza, nayo hukaa ukumbini wiki baada ya wiki.

Kofia ngumu inunuliwe kabla ya pikipiki yenyewe. Chagua inayofunika kichwa chote pamoja na kidevu, ivae, funga kamba, kisha tikisa kichwa kwa nguvu kwenda mbele na nyuma. Ikizunguka au ikitaka kuvuka paji la uso, ni kubwa kwako. Usinunue iliyokwisha kutumika, kwa sababu kofia iliyowahi kugonga chini huweza kuonekana nzima kwa nje huku ndani imeshaharibika. Vaa viatu vinavyofunika vifundo vya miguu. Ndala kwenye pikipiki zinaniuma kila ninapoziona, kwa kuwa ngozi ya kisigino ni kitu kinachopona polepole sana.

Kuhusu mikopo na mikataba, nitasema wazi. Mkataba wa bodaboda, ambapo mtu hukabidhiwa pikipiki na kumpelekea bosi hesabu kila siku mpaka iwe yake, haumfai anayejifunza. Hesabu haisubiri uelewe klachi. Inakulazimisha kuwa barabarani usiku, kwenye mvua na ukiwa na abiria, wakati ambao bado hujajua kusimama kwenye mlima. Ikiwa huna budi kukopa, kopa kidogo kutoka kikundi au SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) unayoifahamu, ili marejesho yasitegemee pikipiki kufanya kazi.

Hatua ya nne: ukubwa na uzito

Kwa anayejifunza, napendekeza cc 100 hadi 125. Boxer ya 100 ina uzito wa karibu kilo 110 na ile ya 150 karibu kilo 120, na ingawa tofauti inasikika ndogo kwenye maandishi, mtu mwenye mwili mwembamba huiona mara moja anapogeuza pikipiki kwenye mchanga akiwa amesimama. Matumizi ya mafuta nayo ni sababu: pikipiki ya ukubwa huu ikiwa na kabureta iliyowekwa sawa inaweza kutembea kilomita 40 hadi 50 kwa lita moja, na kwa mtu wa kijijini anayenunua petroli ya chupa kwa bei ya juu kuliko kituoni, hilo ni jambo kubwa.

Pima hivi. Kaa kwenye kiti ukiwa umevaa viatu utakavyopandia, nyanyua stendi, na uone kama nyayo zote mbili zinagusa chini, angalau nusu ya mbele ya kila unyayo. Geuza usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, bila mkono kukuvuta utoke kwenye kiti. Vuta klachi mara nyingi mfululizo. Shuka, isukume mbele na nyuma, kisha ipandishe kwenye stendi ya kati peke yako. Ukishindwa hili la mwisho hata baada ya kuonyeshwa namna ya kukanyaga, hiyo si ya kwako kwa sasa, hata kama bei yake inavutia.

Hatua ya tano: aina zinazopatikana na sifa zake

Boxer na TVS, zote za kutoka India, ndizo utakazoziona kila kijiwe. Nguvu yake kubwa kwa mnunuzi wa kwanza ni spea. Klachi pleti, kebo, taa, ringi, pistoni na cheni hupatikana mjini bila kuagiza, na hata kwenye vituo vidogo kama Sikonge au Kaliua utampata fundi ambaye ameshafungua injini hizo mara nyingi. Kwa upande wa ubaya, zikiwa zimetumika huwa karibu zote zimetoka kwenye bodaboda, na bei yake hushuka polepole kwa kuwa zinapendwa. Mpangilio wa gia nao haufanani kwa pikipiki zote. Zipo ambazo gia zote hukanyagwa upande mmoja na zipo ambazo gia ya kwanza huwa upande wake na nyingine upande wa pili, hivyo uliza kabla ya kujaribu.

Kundi la pili ni pikipiki za Kichina, kama SanLG, Fekon, Kinglion, Haojue na T-Better. Nyingi hutumia injini ya mtindo wa Honda CG 125, ambayo ni rahisi kutengeneza na ambayo spea zake huingiliana kati ya majina mbalimbali, na rimu zake mara nyingi ni za inchi 18, wakati Boxer hutumia za inchi 17. Bei yake ya kununulia ni ya chini. Udhaifu wake huonekana kwenye vitu vidogo: nati zinazolegea, nyaya za umeme, swichi, rangi inayobabuka, spoki zinazokatika. Mtu mvumilivu, mwenye bisibisi na spana zake, anaweza kuishi vizuri na pikipiki ya Kichina. Mtu asiyetaka kushika spana kabisa atachoka.

La tatu ni pikipiki ndefu za mashirika na idara, hasa Honda XL 125, Yamaha DT 125 na Yamaha AG 100, ambazo maofisa ugani na wafanyakazi wa miradi wamezitumia miaka mingi kwenye njia za porini. Ni imara kwelikweli. Hata hivyo DT na AG ni injini zinazochoma oili pamoja na petroli, na mwenye kusahau kujaza tangi la oili huua injini. Spea zake ni ghali na haziko kila duka. Na kiti cha XL na DT kiko juu mno kwa anayejifunza. Ukiuziwa kwa bei rahisi ya kushangaza, fahamu kwamba gharama inakungoja kwa fundi. Ningemwacha mtu azipande akiwa na uzoefu wa mwaka au zaidi.

Kabla ya kuamua, nenda kwa fundi ambaye ndiye utakayempelekea pikipiki, umwamkie, umweleze bajeti yako, na umuulize swali hili: "Fundi, katika hizi zinazoletwa hapa kwako, ni ipi inayokuja kwa oili tu, na ipi inayokuja kufunguliwa injini?" Jibu la fundi wa mtaani kwako, anayeona mchanga uleule na mafuta yaleyale ya chupa, lina uzito kuliko sifa zilizoandikwa kwenye karatasi ya duka.

Hatua ya sita: mpya au iliyotumika

Mpya ina karatasi safi na haina historia ya kufichwa, ila hukuwekea bei ya juu na hasira ya kuiangusha. Na anayejifunza ataiangusha. Ukinunua mpya, kumbuka kwamba pikipiki hizi huja zikiwa zimefungashwa na huunganishwa dukani, kwa hiyo kagua nati za usukani na ekseli, mkazo wa cheni na breki zote mbili kabla ya kuondoka, dai risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kielektroniki, na kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo uiendeshe bila kuikamua, ukibadilisha oili ya kwanza mapema kama kitabu chake kinavyoelekeza.

Kwa fedha kidogo, ninaona ubora zaidi katika iliyotumika ambayo ilikuwa ya mtu binafsi: mwalimu, mtumishi, mkulima aliyekuwa akiipanda mwenyewe. Hizo hazitangazwi kijiweni. Hupatikana kwa kuulizia kazini, msikitini, kanisani na kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na inafaa kutumia mwezi mzima kuulizia kuliko kununua ya kwanza inayosimamishwa mbele yako.

Hatua ya saba: kuikagua iliyotumika

Nenda asubuhi, na muuzaji umwombe mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja karibu na silinda. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameshaipasha ili iwake kwa urahisi mbele yako. Msalimie vizuri, mweleze kuwa utarudi siku nyingine. Injini ya baridi ndiyo inayosema ukweli.

Kabla ya kuwasha, izunguke polepole. Geji ya kilomita usiiamini, kwa kuwa kebo yake ni rahisi kuchomolewa na bodaboda nyingi hutembea bila hiyo. Soma badala yake vitu ambavyo hakuna anayejisumbua kuvibadilisha. Raba ya pedeli ya breki iliyoisha mpaka chuma kung'aa, raba za kukanyagia abiria zilizopinda kuelekea chini, kiti kilichoshonwa upya, keria iliyochomelewa mara mbili: hizo ni dalili za pikipiki iliyobeba watu na mizigo kwa miaka, hata kama tangi limepakwa rangi jana. Tazama kiungo cha shingo, pale chasisi inapokutana na usukani, na chini ya kiti. Alama za kuchomelea mahali hapo zikuondoe hapo hapo bila mjadala, maana chasisi iliyovunjika ikaungwa huweza kuachia ukiwa kwenye mwendo.

Iweke kwenye stendi ya kati. Zungusha tairi la nyuma ukiangalia rimu kwa jicho moja; ikiyumba kushoto na kulia, imepinda au spoki zimelegea. Pitisha bisibisi kwenye spoki taratibu huku tairi likizunguka: zilizokaza hulia sawasawa, iliyolegea hutoa sauti butu. Shika tairi kwa mikono miwili, juu na chini, ulitikise kwa pembeni. Likicheza, beringi au bushi zimekwisha. Shika cheni kwa vidole katikati ya upande wa chini: icheze sentimita mbili hadi tatu tu, kisha uivute kutoka nyuma ya sproketi kubwa, na ikiachana na meno kiasi cha kuona nafasi, cheni na sproketi zote zinatakiwa kubadilishwa. Kaa juu yake, kamata breki ya mbele na ubonyeze usukani chini mara kadhaa, halafu pitisha kidole kwenye mirija ya shokapu. Oili kwenye kidole maana yake sili zimekufa.

Sasa washa. Piga kiki kwa mguu hata kama ina stata, kwa sababu kiki nyepesi isiyo na upinzani inaonyesha kwamba ringi au valvu hazibani. Inatakiwa iwake bila kupigwa mara nyingi na itulie yenyewe baada ya dakika moja au mbili. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi, unaopotea, hauna tatizo. Moshi wa bluu usiokwisha, hasa unapoachia mafuta na kukamata tena, ni oili inayoungua ndani, na hapo mbele kuna kuchonga silinda na kuweka pistoni mpya. Moshi mweusi mara nyingi ni kabureta au kichujio cha hewa, kazi ndogo. Sikiliza: mlio mwembamba wa kugongagonga juu ya silinda unaweza kuwa valvu zinazohitaji kurekebishwa, lakini mlio mzito wa kugonga kutoka chini unaoongezeka unapovuta mafuta ni wa krenki, na dawa yake ni ghali. Zima, fungua kifuniko cha oili, na uitazame kwenye kitambaa cheupe. Ikiwa nyeusi, imechakaa tu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa na vumbi la chuma linalometameta, funga kifuniko, shukuru, nenda zako.

Kama leseni yako bado ni ya kujifunzia, mwombe fundi wako aijaribu barabarani, na umlipe kwa muda wake. Aangalie kama gia zote zinaingia na hazichomoki zenyewe, kama klachi haitelezi kwenye gia ya juu anapovuta mafuta, na kama pikipiki inakwenda moja kwa moja anapolegeza mikono. Malipo hayo madogo ni sehemu ya lile fungu la tano, na hakuna matumizi yenye maana zaidi katika ununuzi mzima.

Hatua ya nane: karatasi

Pikipiki yenye injini nzuri na karatasi mbovu si yako, hata ukiwa umeilipia. Omba kadi halisi ya usajili, usikubali nakala wala picha ya simu. Linganisha namba ya usajili, inayoanza na MC kwa pikipiki binafsi, na sahani iliyofungwa nyuma. Kisha namba ya chasisi na namba ya injini, herufi kwa herufi. Namba ya chasisi kwa kawaida imepigwa kwenye shingo ya fremu, na mara nyingi hufunikwa na vumbi na mafuta, hivyo beba kitambaa na mafuta ya taa kidogo, uisugue, uisome mwenyewe. Tarakimu zilizokaa mshazari, zilizokwaruzwa au zilizopigwa juu ya chuma kilichosagwa ni sababu ya kuondoka mara moja.

Jina kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia, na kitambulisho chake kithibitishe hivyo. Mara nyingi utaambiwa kwamba alinunua kwa fulani, ambaye naye alinunua kwa mwingine aliyehamia Mwanza, na kwamba hati za mauziano zipo. Mlolongo huo utakuzuia kuhamisha umiliki, kwa kuwa aliyeandikwa kwenye kadi ndiye anayetakiwa kusaini. Muuzaji amalize kwanza kuihamishia kwake. Uliza pia kama ilinunuliwa kwa mkopo, kwa sababu mkopeshaji hushikilia kadi au haki juu ya chombo mpaka deni liishe, na pikipiki inaweza kuchukuliwa mikononi mwako. Angalia kwa namba ya usajili kama kuna deni la faini za barabarani kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, na kama bima inayotajwa ni halali kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA).

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, ukiwa na namba zote tatu, bei, tarehe, saini za mashahidi wa pande mbili na nakala za vitambulisho. Lipa kwa benki au kwa simu ili ubaki na ushahidi. Kisha nendeni TRA pamoja, wewe na muuzaji, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Kuahidiana kuonana wiki ijayo ndiko kunakowafanya watu wapande pikipiki yenye jina la mtu mwingine kwa miaka. Bima ya angalau mtu wa tatu ikatwe kabla pikipiki haijaingia barabarani kwa mara ya kwanza ikiwa yako.

Hatua ya tisa: wakati na bei

Katikati ya mwaka, malipo ya tumbaku yanapoingia, wanunuzi huwa wengi na wauzaji hawana haraka. Mwanzoni mwa mwaka, ada za shule zinapowabana watu huku mvua zikiendelea, huwa rahisi zaidi kuelewana. Unapopatana, taja kasoro ulizoziona moja moja pamoja na gharama yake kama fundi alivyokadiria; muuzaji muungwana atapunguza kwa hoja hizo bila ya kuvunjiana heshima.

Hatua ya kumi: wiki za mwanzo

Pikipiki iliyotumika ichukulie kwamba haijahudumiwa, hata kama umeambiwa ilihudumiwa juzi. Badilisha oili, kwa kawaida lita moja hivi ya 20W-50 iliyoandikwa kuwa ni ya pikipiki, kwa kuwa baadhi ya oili za magari hufanya klachi iteleze. Badilisha plagi, safisha kichujio cha hewa ambacho kwa mchanga wa Tabora hujaa haraka, safisha kabureta, paka cheni mafuta, na urekebishe breki zote mbili mpaka tairi lizunguke huru ukiachia na likamate ukikanyaga. Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu au kwenye kibandiko cha pikipiki.

Alama ya L iwepo mbele na nyuma mpaka upate leseni kamili, na usibebe abiria kipindi hicho. Fanya mazoezi kwenye uwanja mgumu kwanza: kuondoka, kusimama, kuzunguka namba nane kwa gia ya kwanza, kukamata breki zote mbili kwa pamoja bila kufunga tairi. Ndipo uende kwenye mchanga, kwa gia ya kwanza au ya pili, mwili ukiwa umeegemea nyuma kidogo, mkono wa mafuta ukiwa umetulia, macho yakitazama mbali, na breki ya mbele ukiiacha kabisa. Pita pale pale mara nyingi mpaka usukani unapocheza usikushtue. Barabara kuu za lami na mwendo wa usiku viache viwe vya mwisho.

Baada ya wiki mbili za kuitumia, irudishe kwa fundi akaze spoki, nati za injini na za ekseli, aangalie tena cheni, na asome plagi: ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mchanganyiko wa mafuta na hewa uko sawa, ikiwa nyeusi na yenye mafuta, mwambie aanze na kabureta kabla ya kufikiria kufungua injini.